Mstari wa Ema

Debora mwanangu,

Mimi sijambo, na wewe najua hujambo, kwa sababu sasa hivi umetoka hapa Mafubira kwa boda kwenda kusukwa nywele Jinja mjini, ukinipungia mkono kama mtu anayekwenda Ulaya. Mama yako na mdogo wako Stella wako kwenye mazoezi ya kwaya. Nyumba imenyamaza. Nimeketi kwenye meza ya kupigia pasi, ile uliyotunyang'anya ukaifanya ofisi yako, na nimesukuma nyaya zako pembeni nipate pa kuweka karatasi. Usianze kufoka, sijachomoa kitu.

Habari za kuishi Mbale, unakohamia kesho kwa kazi, sina la kukuambia. Mama yako kazaliwa huko chini ya mlima, na wiki nzima hajafunga mdomo: kufuli la chumba utakachopanga mtaa wa Namakwekwe liwe la namna gani, maji uyachemshe vipi, malewa, yale machipukizi ya mianzi, ununue kwa nani ili usiuziwe yenye uchungu. Hayo kayamaliza. Akisahau moja atakupigia simu. Mimi nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema juzi mezani.

Ulisema, "Baba, Jumatatu nikifika kazini nitabadilisha tu. Nitaweka sifuri. Kazi ni kazi." Halafu ukaomba uongezewe mchuzi.

Nikanyamaza. Mama yako alinitazama akidhani naumwa, maana mimi si mtu wa kunyamaza. Stella aliweka kijiko chini. Nilikuwa na hasira, Debora, na hasira yangu unaijua, ikitoka kwa mdomo inatoka na maneno ya kambi ya askari magereza, na sikutaka uondoke nyumbani na hayo masikioni. Kwenye karatasi inatulia kidogo. Kidogo tu, usifurahi.

Na ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokulea. Mimi Mteso, mama yako Mgisu, jirani zetu kwenye laini za magereza Waacholi na Walugbara, basi kelele zote za utoto wako zilikuwa za Kiswahili. Watu wengine hapa mjini wakikisikia wanakumbuka askari na bunduki. Wewe ukikisikia unakumbuka uji.

Ngoja kwanza nikuonyeshe kwamba kazi yako naielewa, usije ukasema mzee anabwabwaja. Ulinieleza mwaka jana tukimenya mihogo. Ulisema kila mtu ana maandishi marefu ndani ya damu yake, karibu yote yanafanana na ya jirani, ila hapa na pale herufi imebadilika. Hamwandiki mtu mzima, mnaandika pale tu alipotofautiana. Na kila mahali ana nakala mbili, moja katoa kwa baba, moja kwa mama. Kwa hiyo ukiuliza juu ya mahali fulani, kwa mfano pale panapoleta selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, jibu ni sifuri, moja au mbili: nakala ngapi zimebadilika. Mwenye mbili ndiye anayeumwa. Basi. Nikakuambia hiyo hata mimi naiweza.

Kisha ukaingia habari ya maktaba ya programu, na hapo nikapotea kabisa, mpaka uliponikumbusha stoo ya majembe pale gerezani. Kila kikosi kinachokwenda shambani kinachukua majembe kwenye stoo ile ile. Hakuna anayejitengenezea lake. Maktaba yako ndiyo stoo. Wale wanaoandika programu za hospitali na za utafiti watakuja kuchukua kwako namna ya kushika hizo sifuri, moja na mbili. Mpini ukiwa mbovu stoo, utachubua mikono ya shamba zima. Maneno yako hayo, si yangu. Nami nilijisikia vizuri siku ile, kwamba mtoto wangu anajenga stoo.

Tabu ilianza mlipounganisha majibu ya watoto wachanga wa Jinja na ya watoto wa Mbale. Mashine ya huku husoma mahali ambapo ya kule haifiki. Tena damu nyingine iliharibika kwa sababu umeme ulikatika na friji ikapata joto. Kukawa na matundu. Mtoto yupo, namba yake ipo, lakini pale pa selimundu hapajasomwa. Wenzako wakajaza sifuri kila penye tundu. Ni rahisi, sifuri inajumlishika, kompyuta hailalamiki. Wewe ukakataa katakata. Ukawaambia tundu si sifuri, sifuri ni mtu aliyeangaliwa akaonekana hana. Ukaweka jibu la nne katika maktaba yako, ukaliita BADO. Na maktaba ikawa kichwa ngumu kama mwenyewe: ukiiambia ijumlishe, inajumlisha, halafu inakuambia kuna wangapi ambao haiwajui.

Najua jina hilo ulikolitoa. Mama yako kakusimulia hadithi yake, lakini yeye anaisimulia vibaya, anaongeza chumvi, kwa hiyo nisikie mimi mwenyewe.

Nilikuwa askari mpya, viatu bado vinanikata. Kila jioni ilikuwa lazima tuhesabu wafungwa wote kabla ya mtu yeyote kula, sisi au wao. Mkubwa wa gereza anasimama uani, kila askari anatoa hesabu ya selo zake. Siku hiyo kufuli la selo yangu ya mwisho likakwama. Funguo inazunguka, mlango haufunguki, na tundu la kuchungulia lilikuwa limezibwa kwa bati. Sajini wangu akaninong'oneza, "Sema imetimia, bwana. Walioingia asubuhi wamo, watakuwa wametokea wapi? Watu wana njaa." Nilitaka kusema imetimia. Mdomo ulishafunguka. Zamu yangu ilipofika nikapiga saluti nikajikuta nasema, "Afande, selo ya mwisho bado."

"Bado nini?"

"Bado kuhesabiwa, afande."

Banange! Gereza zima lilisimama uani, posho ikipoa kwenye sufuria, mpaka msumeno ulipoletwa na kufuli likakatwa. Tukaingia. Wote walikuwemo, wamelala usingizi mzuri. Hakuna aliyetoroka, hakuna aliyekuwa mgonjwa. Nakuambia hivyo makusudi, kwa sababu mama yako akiisimulia huwa anamtorosha mmoja ili mimi nionekane shujaa. Sikuwa shujaa. Nilionekana mjinga. Tangu siku ile mpaka nastaafu nikaitwa Afande Bado, na wafungwa nao wakilitumia nikiwa nimewapa kisogo. Sajini hakunisalimia kwa muda mrefu. Lakini mkubwa wa gereza alipohama alisema mbele ya wote kwamba hesabu yangu yeye haihesabu tena mara ya pili. Mpaka leo nikikumbuka napata joto kifuani.

Sasa sikia upande wa pili, ambao sijawahi kukusimulia vizuri kwa sababu unaniuma. Yule Afande Bado alikuwa kazini. Nyumbani alikuwa mtu mwingine.

Kaka yako Ema tulimpoteza kabla hujazaliwa, unajua. Alikuwa mtoto wa kucheka, akipenda kuvaa kofia yangu ikamfunika mpaka puani. Homa zikimjia, zinaondoka, zinarudi. Siku moja haikuondoka. Zahanati ya kambi wakasema malaria kali, nasi tukamzika Emanueli wetu na neno hilo. Miaka yote, mtu akiniuliza, nikawa nasema: yule alikuwa mzima kabisa, ni malaria tu ilimchukua. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Ukazaliwa wewe, hukuumwa hata mafua. Akaja Stella. Hajaanza hata kutembea, vidole vyake vikavimba, analia ukimshika. Sista wa zahanati akamtazama, akatutazama sisi, akasema, "Mleteni huyu apimwe sikoseli. Na nyinyi wenyewe mpimwe." Sikoseli ndiyo hiyo selimundu yako. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Sista, kwetu Teso hiyo kitu hakuna. Hiyo ni ya Wasoga." Na mama yako, kwa maringo yale yale: "Hata kwetu mlimani hakuna." Tukambeba mtoto tukaenda zetu. Sasa niulize: nani alikuwa ameupima ukoo wangu? Nani alikuwa amewapima wa mama yako? Hakuna aliyepimwa hata mmoja. Ilikuwa selo iliyofungwa, hakuna aliyechungulia, nami nikapiga saluti nikasema imetimia.

Stella akanywa dawa za malaria miaka na miaka. Kila maumivu, malaria. Kila uchovu, uvivu. Wewe nawe ulikuwa bado mtoto, labda umesahau ile asubuhi alipokataa kwenda kuchota maji akisema nyonga inamuuma. Nilimfokea. Nilimpa jerikani mkononi nikamwambia aache kudeka, nikasimama mlangoni nikimtazama anavyochechemea mpaka kwenye bomba na kurudi. Maji yalikuwa yakimwagika njia nzima. Nilimwona, Debora, na bado nikasema kanimwagia maji makusudi. Hilo nitakufa nalo.

Yule sista ndiye aliyechoka nasi. Siku Stella alipoletwa tena na homa, hakuuliza mtu, akamtoa damu akaipeleka. Majibu yakaja. Mbili. Nakala zote mbili, moja yangu na moja ya mama yako, sisi watu wa kusema kwetu hakuna. Tukapimwa wote: mimi moja, mama yako moja, wewe sifuri. Ile sifuri yako ni ya kweli, mwanangu, imeangaliwa. Ningependa kila sifuri duniani iwe kama yako.

Stella mwenyewe unamjua, hana kinyongo. Ameanza dawa zake, anajua lini apumzike, na akitaka kututania anasema, "Humu ndani tajiri ni mimi, nina mbili, Baba na Mama mna moja moja, Debora maskini hana kitu." Mama yako hucheka mpaka anafuta machozi kwa kanga. Mimi hucheka pia, halafu nakwenda kuangalia kuku.

Nilikuwa nimefika hapo katika maisha yangu, nikidhani nimeshajifunza, mpaka ile siku uliponiita nione maktaba ikifanya kazi. Ulikuwa umekaa hapa hapa nilipokaa. Ulisema maktaba kabla haijapewa watoto wa watu lazima ijaribiwe kwa kitu kidogo ambacho majibu yake unayajua, na kwamba umeijaribu na sisi. Nikavaa miwani. Kwenye kioo kulikuwa na mistari, kila mmoja na jina lake. Baba, moja. Mama, moja. Stella, mbili. Debora, sifuri. Na juu kabisa, mahali pa mtoto wa kwanza: Ema, bado.

Nikakuuliza, "Kwa nini umemtia Ema? Ema hakupimwa."

Ukanijibu bila hata kunitazama, vidole viko kwenye kompyuta, "Ni kaka yangu, Baba. Tena ndiyo sababu yenyewe. Maktaba lazima ijue kusema sijui."

Nikatoka nje. Ulidhani nimechoshwa na kompyuta zako, nilikusikia ukimwambia Stella, "Mzee kachoka." Sikuchoka. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, nikalia kama mtoto, mpaka kuku wakanizunguka wakidhani nimeleta mahindi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwandikia mwanangu sifuri moyoni mwangu. Alikuwa mzima kabisa, ni malaria tu. Nani alimwangalia? Huenda alikuwa na mbili kama mdogo wake, na kama tungalimpima tungalijua. Huenda hakuwa nayo, ikawa kweli malaria. Sijui, na sitajua. Wewe ambaye hukumwona hata siku moja ndiye uliyemwandika kwa haki.

Sasa turudi mezani, juzi.

Daktari Khainza, mkubwa wako mpya, simlaumu. Amekupa nafasi Mbale wakati huku Jinja watu walikuwa wanakuzungusha tu, na kwa unavyosimulia ni mama mchapa kazi anayekesha na watoto wa watu. Nimemwelewa. Programu ya zamani ya hospitali, ile itakayopokea majibu, inajua sifuri, moja na mbili tu. Ukiipelekea bado, inagoma. Wageni wanaokuja kutazama kazi wako njiani. Mama za watoto wamesubiri mpaka wamechoka. Naye kakuambia, "Debora, bambi, tafadhali, weka sifuri kwa sasa, tutarekebisha baadaye." Ukimkatalia, labda Jumanne huna kazi. Hayo yote nimeyaweka kwenye mizani, usidhani mimi naongea kwa sababu nina pensheni.

Lakini hiyo "kwa sasa" mimi naifahamu. Gerezani tulifunga lango la nyuma kwa waya kwa sasa, na nilistaafu nikauacha waya ule ule. Na yule mama wa mtoto wa Mbale aliyeharibikiwa damu kwenye friji hatasikia "kwa sasa". Atasikia, mtoto wako hana. Atamfunga mgongoni, ataondoka akishukuru Mungu, na vidole vya mtoto vikivimba atasema hapana, huyu amepimwa, huyu hana. Kwake itakuwa mbaya kuliko kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa na ujinga wangu tu, yeye atakuwa na jibu la hospitali. Tena atakuwa anamfokea mtoto abebe jerikani.

Njia ya kufanya siijui. Wewe ndiye fundi. Sisi kufuli lilipokwama tulileta msumeno. Labda kwenu msumeno ni kuwaita hao mama warudi watolewe damu upya, na mpaka hapo majibu yao yasitumwe kabisa kwenye hiyo programu ya zamani. Labda Daktari atasema haiwezekani. Labda ataona aibu mbele ya wageni. Stella anasema kama shida ni mtu wa kuwapigia hao mama simu na kuongea nao vizuri, yeye atapanda basi kesho kutwa, na ninamjua, hatanii. Mimi nitamsindikiza. Nimeshamwambia mama yako, kanuna, halafu kaanza kuuliza nguo gani tupige pasi.

Ukifukuzwa, rudi nyumbani. Sikuambii kwa huruma, nakuambia kama amri. Meza hii itakuwa hapa, nguo tutapigia pasi kitandani. Hakuna atakayekuuliza kazi iko wapi, na shangazi zako wakiuliza niachie mimi. Ila usirudi siku moja, ukiwa na cheo na gari, ukanikalia hapa ukiwa na uso niliokuwa nao mimi nyuma ya jiko. Huo sitaki kuuona kwako.

Na jambo moja zaidi, ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Ulinieleza kwamba kila ukibadilisha kitu katika maktaba, kompyuta kwanza inairudia ile mistari yetu, na kama hata mmoja umekwenda kombo inawaka nyekundu na kukuzuia usiendelee. Nimekaa na hilo siku mbili. Maana yake Jumatatu ukigeuza kila tundu liwe sifuri, wa kwanza kuwaka nyekundu atakuwa Ema. Hatasimama mtoto wa Jinja wala wa Mbale mbele yako, atasimama yeye. Na ili upite, itabidi umfute, au umwandikie sifuri kwa mkono wako mwenyewe. Nimekosea mengi kwa yule mtoto, Debora. Usiniongezee.

Kesho siteji nitabeba begi lako, nitagombana na kondakta juu ya mizigo, nitasema mvua inakuja, na basi likiondoka nitajifanya nina haraka. Hutasikia lolote kati ya haya kutoka mdomoni mwangu, kwa hiyo soma hapa. Soma basi likishapita Iganga, mbali na macho ya mama yako.

Jumatatu wakikuuliza, hata kama wote wamesimama uani na chakula kinapoa, piga saluti ujibu kama babako: afande, bado.

Mimi wako,
Baba Ema